Pakanga ya Refa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba pakanga ina tumbo. Nasema tumbo kabisa, lile la kushiba, lililofichwa chini ya udongo pale mizizi inapokutana, na kwamba kazi ya tumbo hilo ni kula sumu. Pale kwetu Ekalakala habari hii haikuwa na mpinzani. Walisema mzee mmoja alimwaga ndoo nzima ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye shina lake, pakanga ikainywa yote, na ilipomaliza ikapiga mbweu. Walisema moma mmoja alijilaza chini ya kichaka chake, akaamka hana sumu hata tone, akazunguka kijiji kizima akiuma watu bure kama kikongwe asiye na meno. Mimi mwenyewe nilikwenda nikachuchumaa kando ya kichaka hicho mchana wa saa saba, jua likinitoboa utosi, nikatega sikio. Na mbweu nikaisikia. Wakati huo ungeniweka mbele ya hakimu ningeapa nimeisikia, tena ilikuwa ya mtu aliyekula akatosheka.

Kichaka chenyewe kilikuwa cha mama pima wetu, yaani yule mama aliyetuuzia chang'aa kwa glasi nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya soko. Kijiti cha kupanda alipewa na mwenye duka mmoja aliyekuja kutoka upande wa Murang'a, ambaye aliiotesha mlangoni kwake kufukuza viroboto. Ekalakala ni mahali ambapo ikifika mwezi wa tisa hata vivuli hukauka, lakini pakanga ya mama pima ilistawi kwa maji ya kuoshea sufuria. Majani yake yalikuwa ya kijivu kama mvi, laini ukiyagusa, na harufu yake ingefungua pua iliyozibwa na mafua ya mwaka mzima. Mbuzi wa kwetu nawajua. Nimeona mbuzi akila ndara, akila kalenda, akila shati la pasta likiwa bado kwenye kamba. Lakini mbuzi huyohuyo akifika kwa pakanga alinusa, akapiga chafya, akaondoka kwa heshima. "Umeona?" watu walisema. "Hata mbuzi anajua hiyo ni dawa."

Mama pima alivunja matawi machache, akayatumbukiza kwenye mtungi wa chang'aa na kuyaacha humo mpaka kinywaji kikashika rangi ya kijani hafifu, kama maji ya dimbwi ambalo vyura wamelihama juzi. Uchungu wake sijui niuelezeje. Haukukaa ulimini. Ulipanda puani, ukazunguka masikioni, ukashuka magotini, halafu ukarudi kukuuliza jina la baba yako. Nimeona wanaume wa miraba minne wakifumba macho na kumwomba Mungu, na fundo la kwanza halijafika kooni.

Wewe usiyetoka kwetu ni lazima uelewe jinsi tulivyolelewa. Nyumbani dawa ilipimwa kwa uchungu. Ukiumwa na tumbo, mwarobaini. Ukishikwa na homa, mwarobaini tena, safari hii umechemshwa mpaka sufuria imelia. Mama yangu alipopewa tembe za hospitali zilizopakwa utamu juu, alilamba moja akazitupa kabatini: "Hizi ni peremende. Wametuona wajinga." Kwa hivyo mtu aliyekunywa chang'aa ya pakanga alihesabu kwamba amekunywa pombe akiwa na daktari wake ndani ya glasi. Redio ikitangaza kwamba mahali fulani watu wamekufa au wamepofuka kwa pombe mbaya, sisi tulitikisa vichwa kwa huruma. Maskini, hawakuwa na pakanga.

Sasa mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa refa. Wiki nzima alikuwa mkulima wa mbaazi na kunde kama sisi sote. Jumapili, baada ya ibada, alikuwa serikali. Alivaa kaptula nyeusi iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali ya kukatia mkate, soksi za kufika magotini, na filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Na alikuwa na macho, huyo mtu. Kiwanja chetu kilikuwa vumbi tupu. Wachezaji kumi wakikimbilia mpira, wingu linainuka, wewe huoni hata goli liko upande gani. Mjomba ndani ya wingu hilo aliona kidole kikigusa mpira. Akapiga filimbi. Nadhani angeweza kuona nzi wawili wakisukumana juu ya mwamba wa goli na kuamua nani ameanza.

"Mimi sina masomo, sina ng'ombe," aliniambia siku moja tukipalilia. "Lakini niko na macho. Hakuna mtu hapa mpaka Yatta ataniambia kitu nimeona sijaiona."

Ni kwa ajili ya macho hayo tulimchukia. Refa wa watu husaidia timu ya nyumbani. Mjomba alitupigia penalti sisi wenyewe mbele ya mama zetu. Na kila alipopuliza filimbi, kiwanja kizima kiliinuka kumwambia kitu kimoja: kipofu. Kiongozi wa kelele alikuwa mwenyekiti wa timu yetu, mwenye bucha, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto.

"Refa kipofu! Macho uliazima kwa popo?"

"Mpeni fimbo ya kupapasia!"

"Mama yako alikuzaa ukiwa ndani ya gunia!"

Huyo mama aliyetajwa alikuwa nyanya yangu mzaa mama, ameketi palepale kwenye kigoda chake, na mimi nilicheka pamoja na wengine. Yeye pia alicheka. Hivyo ndivyo mpira wetu ulivyokuwa.

Na tulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Tuliiita kumwosha refa. Mchezo ukiisha, watu wote walikwenda naye kwa mama pima, wakapanga foleni. Kila aliyemtukana alimnunulia glasi, akalirudia lile tusi usoni pake, refa akajibu "nimesikia", akanywa, na mambo yakaishia hapo. Kukataa glasi ya mtu ni kukataa kumsamehe, na aliyekataliwa alirudi nyumbani na tusi lake tumboni mpaka likageuka ugomvi wa mipaka ya shamba. Mjomba hakuwahi kukataa hata moja. Ilikuwa desturi nzuri, nakuambia. Ilikuwa na kasoro moja tu: kadiri alivyochezesha kwa haki, ndivyo alivyolewa.

Basi ikaja Jumapili moja, miaka ya tisini ikielekea mwisho wake. Tulicheza na timu ya upande wa Masinga, na zawadi ilikuwa kondoo dume aliyefungwa kwenye mti akitutazama. Mchezo ulikuwa sare mpaka dakika zile ambazo watu wanaanza kutafuta ndara zao. Mpira ukapaa mbele ya goli letu, vumbi likainuka, na ndani ya vumbi hilo beki wetu, kijana wa mwenyekiti, akauweka mkono. Sisi hatukuona kitu. Mjomba aliona. Penalti. Goli. Kondoo akafunguliwa, akaenda zake Masinga.

Matusi ya siku hiyo yalivunja rekodi. Watoto wachanga walitukana. Mlokole mmoja ambaye hakuwahi kutamka neno baya tangu aokoke alitukana, akatubu, akatukana tena. Mwenyekiti aliingia mpaka katikati ya kiwanja, akasimama mbele ya mjomba, jasho likimtiririka, akainua mikono yote miwili juu.

"Mungu akupofushe!" alinguruma. "Mungu akupofushe kabisa, tujue moja!"

"Amina!" watu wakaitikia. Nyanya yangu hakucheka hiyo.

Tukaenda kumwosha refa.

Wiki hiyo askari wa chifu walikuwa wamepita kwa mama pima, wakamwaga kila kitu na kutoboa mapipa yake ya kupikia. Hakuwa na chang'aa yake. Alichokuwa nacho ni mtungi wa plastiki wa bluu alioletewa na dereva wa lori la tangi, mmoja wa wale waliopumzikia upande wa Konza, kwenye barabara ya Mombasa. Hakuficha. Mtungi ulisimama pale mbele yetu sote. Na ndani yake, kuanzia chini mpaka shingoni, pakanga. Si matawi machache ya siku zote, bali kichaka kizima kilichoamua kuhamia ndani. Aliyeonja kwanza alikunja uso mpaka masikio yakakutana.

"Hee! Leo dawa imekolea!"

Tulipiga makofi. Kwa kweli, tulimpigia makofi mama pima, naye akageuka upande na kujishughulisha na kusuuza glasi.

Foleni ilifika mpaka kwenye choo. Kila mmoja alikuwa na tusi la kulipia, na wengine walikuwa na mawili. Mjomba alikaa kwenye kigogo, kaptula yake ikiwa na vumbi, filimbi shingoni, akapokea.

"Nilikuita popo."

"Nimesikia." Anakunywa.

"Nilisema filimbi yako umeze."

"Nimesikia." Anakunywa, anatikisika kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Mwenyekiti alikuja mwisho. "Refa, mimi nilisema Mungu akupofushe."

"Nimesikia."

"Ni kubwa hiyo. Hiyo si ya glasi moja."

"Basi leta ya ukubwa wake," mjomba akasema, na watu walicheka mpaka kuku wakatoka uani. Mwenyekiti akajaza kikombe cha bati, kile cha kunywea uji, na mjomba akakimaliza, akakigeuza juu chini watu waone.

Sisi wengine tulionja tu, fundo hapa na glasi pale, pesa zetu zikiwa zimekwisha kumnunulia yeye. Wachache wetu waliamka na kichwa kinachogonga na matumbo yamegeuka, wakasema ni uchungu wa kondoo.

Jumatatu mchana tulikuwa uani kwa mjomba tukipura mbaazi. Alikuwa akilalamikia kichwa tangu asubuhi, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Mara akasimamisha fimbo hewani.

"Nani anapepeta unga hapa?"

Hakuna aliyekuwa anapepeta.

"Basi fungeni huo mlango wa jiko. Moshi umezidi, tena ni mweupe."

Jikoni hakukuwa na moto. Mkewe akanyanyuka polepole, mbaazi zikamwagika kutoka kwenye leso yake, akaja akasimama mbele yake. "Baba watoto, unaniona?"

"Nakuona. Si umevaa nyeupe."

Leso yake ilikuwa nyekundu.

Habari zilifika sokoni kabla fimbo ya mjomba haijaanguka chini, na watu wakaja. Usifikirie walikuja kulia. Walikuja kuona. Walidhani refa analipiza kisasi cha Jumapili kwa kuwaigizia, na kwa muda mrefu, muda mrefu mno, uani kulikuwa kicheko kitupu.

"Jana si tulisema? Kumbe sisi ni manabii!"

"Refa, hapa ni vidole vingapi? Ukikosa ni kadi nyekundu!"

Mtu alimletea jogoo mpaka puani; jogoo akapiga mbawa, mjomba akaruka nyuma, wakashangilia. Mwenyekiti mwenyewe alikuja na mpira, akamwekea mapajani.

"Hii ni nini?"

Mjomba aliupapasa. "Ni mpira."

"Si mnaona! Anaona!"

Mjomba aliushika mpira ule kwa mikono yote miwili, akausogeza mpaka karibu na uso, akaurudisha nyuma, akausogeza tena, kama mtu anayetafuta mahali ambapo picha itatulia. Kicheko kilikwisha hapo, pakabaki mtu mmoja tu aliyechelewa kuelewa, akicheka peke yake huko nyuma.

Mkewe akamgeukia mwenyekiti. Katika soko letu ni yeye tu aliyekuwa na gari, pikapu ya kubebea nyama. "Mzee, nakuomba. Mpeleke hospitali Machakos. Saa hii."

"Gari iko," mwenyekiti akasema. "Gari si shida, mama. Lakini tuende mpaka Machakos, tupange laini na watu wa kikohozi, na dawa iko hapa ng'ambo ya soko?"

"Dawa gani? Si alikunywa nayo?"

"Aliyokunywa ilikuwa kidogo kuliko sumu. Pakanga ilikula ikashiba kabla haijamaliza. Inataka kuongezewa."

Ungekuwa umekaa pale ungeona jinsi maneno hayo yalivyotufaa. Kila mwanaume alitikisa kichwa kukubali. Nilitikisa changu kwa nguvu zaidi, maana mimi ndiye niliyewahi kuisikia mbweu yake. Mkewe alizunguka mtu kwa mtu akitafuta mmoja wa kusema vingine, akawakosa wote. Basi wakakata pakanga, wakaitwanga kwenye kinu, wakaikamua kwa kitambaa. Sehemu moja walimnywesha, wawili wakimshika mikono na mmoja akimfunga pua. Sehemu nyingine walimtia machoni.

Nimesikia nguruwe akichinjwa Krismasi. Nimesikia fisi kwenye mitego ya ranchi za Konza. Sauti ya mjomba ilizipita zote, ikavuka soko, ikavuka shule, na watu wanasema hata kwenye bwawa la Masinga ndege waliruka.

"Inapigana!" mwenyekiti akapaza sauti. "Mnasikia? Imekutana nayo!"

"Ongeza!"

Wakaongeza. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyofurahi, na walipoona machozi yanamtoka yakiwa ya kijani walisema sumu ndiyo hiyo inatoka. Mwishowe mjomba, tumbo likiwa limejaa maji yale mpaka kooni, akaketi, akatetemeka, akapiga mbweu moja ndefu.

Uani kulilipuka vigelegele. Watu walikumbatiana. "Imeshiba! Pakanga imeshiba!" Wakaenda nyumbani wakiimba, wamefurahi kama waliopata kondoo wao. Mkewe alibaki akimpangusa uso kwa leso ile nyekundu.

Siku iliyofuata mjomba hakuona nyeupe tena. Aliona nyeusi, na ikabaki hivyo. Jumatano ndipo pikapu ilipowashwa. Kule hospitali daktari kijana alimwinua kope, zikiwa zimevimba na kuungua, akamulika tochi ndogo kushoto na kulia.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu juzi," mkewe akasema.

"Mbona mmechelewa?"

"Walikuwa wanamtibu."

Daktari alitutazama sisi wanaume mmoja mmoja. Nafikiri alikuwa na mengi ya kusema, lakini laini ilikuwa ndefu. "Juzi ningejaribu kitu," alisema. "Sasa mishipa ya macho imekufa. Mpelekeni nyumbani."

Mkutano wa kumtafuta mwenye makosa ulifanyika ndani ya pikapu tukirudi, na haukuchukua muda. Pakanga haiwezi kushindwa. Kama imeshindwa, basi ilibanwa. Mama pima aliweka kidogo chini na matawi marefu juu ili ionekane nyingi, alitupunja dawa. Dereva wa lori hakutajwa. Mtungi wa bluu haukutajwa. Tulifika kwa mama pima tukiwa tumeshaongezeka njiani, tukamtoa nje.

"Ulibana pakanga!"

"Mchoyo wewe! Majani ya bure, unayamwagilia maji machafu, bado ulituhesabia!"

Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakujitetea hata kwa neno moja. Walimrushia majivu ya jiko lake mwenyewe. Walivunja glasi zake. Halafu waling'oa pakanga, na hapa ndipo Ekalakala ilipojionyesha: hawakuitupa. Waligawana. Kila mtu alikwenda na kijiti chake, akakiotesha karibu na nyumba ili asipunjwe tena, na mvua zilipokuja kijiji kizima kilinuka pakanga mpaka maziwa yakawa machungu. Mama pima aliondoka na bunda lake kichwani, na sisi tuliona kunyamaza kwake kuwa ndiko kukiri.

Mjomba aliendelea kuja kiwanjani. Mkewe alimpigia pasi ile kaptula, akamkalisha kwenye kigoda kando ya mstari, filimbi shingoni. Refa mpya alikuwa kijana wa kwetu, na hakutupigia penalti hata moja, Mungu ambariki. Jumapili ya kwanza timu ya wageni walipoona wanaonewa walipiga kelele: "Ni afadhali hata yule kipofu aliyekaa pale!" Watu wakacheka, wetu na wao, na neno likapendwa, likazunguka kiwanja likirudi na kurudi. Kipofu, kipofu.

Mchezo ulipoisha mjomba akainua mkono. "Nimesikia," akasema kwa sauti ile ya serikali. "Mmeniita. Mnioshe."

Watu walisimama. Mwenyekiti ndiye aliyesogea, akamwinamia, na sitasema alisema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza sheria za mpira.

"Mzee, hiyo si tusi tena."

Wakamwacha, wakaenda kunywa.

Mimi muda si mrefu nilitoka kijijini. Nilipata kibarua Athi River, kule EPZ, katika kiwanda cha kushona suruali za kupelekwa ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa kulia. Nimeshona mifuko ya nyuma ya kulia ya kutosha kuficha Kenya nzima. Na jioni nilisoma. Shule ya usiku, madawati ya watoto, magoti yakinigusa kidevu, na bado nilipata cheti changu cha kidato cha nne nikiwa na mvi mbili tatu ambazo sikuzihitaji. Msifikirie masomo yalinitoa pakanga kichwani. Niliiandikia insha. Mwalimu alisema tuandike juu ya mmea wenye manufaa, wenzangu wakaandika chai na kahawa, nami nikaandika kurasa nzima juu ya tumbo lililo chini ya ardhi, nikatoa ushahidi wa yule moma, nikamalizia na onyo kali dhidi ya wauzaji wanaobana. Nilipata alama nzuri. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: lugha inatiririka.

Siku moja, saa ya chakula, nilitoka getini nikanunue muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. Wanawake huweka sufuria zao nje ya ukuta, na kila mtu ana mama wake. Wangu hakuja siku hiyo, nikahamia sufuria ya mwisho. Mama akafunua, akanipakulia, akainua uso. Alikuwa mama pima. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, lakini mikono ilikuwa ileile, ile ya kusuuza glasi.

Alinijua pia. "Wewe ni wa dada yake refa."

"Ni mimi, mama. Habari za siku nyingi?"

"Tunasukuma." Alichota mchuzi zaidi akaniongezea bila kuombwa. "Yeye yuko aje?"

"Yuko. Kila Jumapili anakaa kiwanjani."

"Na macho?"

"Ni yale tu."

Alifunika sufuria, akaifunua tena. Nilikula vijiko viwili. Basi nikaona Mungu amenipa nafasi ya kumaliza ile kesi, tena kwa roho safi, maana mimi si mtu wa kuweka mambo.

"Mama, mimi sina kinyongo," nikamwambia. "Mambo yamekwisha. Niambie tu ukweli. Siku ile ulibana pakanga?"

"Nibane?" akasema. "Si wewe ulikuwa pale? Si uliona mtungi?"

"Niliona. Lakini tulisema ulipanga juu tu."

"Najua mlisema. Nilinyamaza kwa sababu hilo ndilo lilikuwa kosa dogo."

Sikumwelewa. "Kama ilikuwa nyingi hivyo," nikauliza, "mbona haikula sumu?"

Alinitazama kuona kama natania, akaona sitanii.

"Pakanga haikuli kitu, kijana yangu. Ni majani. Ile spiriti ya lori ilikuwa inanuka kama rangi ya nyumba, na nilijua inanuka. Niliweka pakanga mingi ndiyo msisikie."